Gari la Umeme Halikuzaliwa Kwenye Mbio

Kila msimu mpya wa Formula E unapofunguliwa husikika maneno yale yale, na yamesemwa mpaka yakawa kama jambo lisilohitaji ushahidi: kwamba mbio za magari ya umeme ni maabara, kwamba kinachojaribiwa leo katika barabara za Monaco au Tokyo ndicho kitakachokuwa kesho ndani ya gari la mwalimu na la muuguzi. Watangazaji wa televisheni wanayasema. Wakuu wa kampuni za magari wanayasema. Waandishi wetu wa safu za magari wanayachukua yalivyo na kuyapitisha. Mimi nayapinga. Siyaiti uongo mtupu, kwa sababu ndani yake mna chembe ya ukweli nitakayoifikia. Lakini chembe hiyo imekuzwa mpaka imeuficha ukweli wenyewe: teknolojia iliyoliwezesha gari la umeme kununulika na kutumika kila siku haikutoka kwenye mbio. Kwa sehemu kubwa ilikwenda upande wa pili, kutoka kwenye kompyuta za mkononi, mabasi, teksi na magari ya familia, ndipo ikafika kwenye magari ya mashindano.

Chukua Mahindra. Kampuni hii ya India ilikuwapo Beijing tarehe 13 Septemba 2014, siku Formula E ilipofanya mashindano yake ya kwanza kabisa, na imeendelea kushindana tangu hapo. Kama kuna kampuni iliyopaswa kuvuna matunda ya hiyo inayoitwa maabara, ni hii. Novemba 2024 Mahindra ilizindua magari mawili ya umeme ya familia, BE 6 na XEV 9e. Betri zake zimejengwa kwa seli za lithiamu, chuma na fosfeti, za muundo wa Blade, na seli hizo zinatoka BYD ya China. BYD haijawahi kuwa na timu katika Formula E. Miaka 10 ya kushindana, na kiungo muhimu kuliko vyote ndani ya gari kikanunuliwa kwa kampuni ambayo haikukimbia hata siku moja. Siwalaumu Mahindra kwa kununua huko, walichagua vizuri. Nawalaumu wanaotuambia kwamba kukimbia ndiko kulikoleta gari hilo.

Sababu ya jambo hili iko wazi katika kanuni za mashindano yenyewe, na inashangaza jinsi inavyotajwa mara chache. Katika gari la umeme, betri ndiyo bei, ndiyo umbali, ndiyo uzito, ndiyo umri wa gari. Mnunuzi akikosa usingizi, anakosa kwa ajili ya betri. Sasa tazama Formula E inavyoishughulikia. Mwaka 2014 betri za magari yote zilitengenezwa na Williams Advanced Engineering. Za kizazi cha pili, kilichoanza 2018, zilitoka McLaren Applied Technologies. Za kizazi cha tatu zikarudi kwa wale wale wa kwanza, na kwa kizazi cha nne kazi imepewa Podium Advanced Technologies ya Italia. Kila mara ni mtengenezaji mmoja na betri moja kwa wote. Timu hairuhusiwi kuifungua, sembuse kuibadilisha kemia yake au kujaribu njia mpya ya kuunganisha seli. Kuanzia msimu wa pili timu ziliruhusiwa kujitengenezea mota, inveta, giaboksi na programu za kuviongoza. Betri ikabaki imefungwa.

Walioandika kanuni hizo walikuwa na hoja. Wangeziachia timu ziunde betri, tajiri angemaliza mashindano kwa kitabu cha hundi, na timu ndogo zingefunga virago. Kama kanuni ya kulinda mchezo, ni nzuri. Lakini huwezi kuifungia maabara kile kitu kimoja ambacho ulimwengu mzima unahangaika nacho, kisha ukadai kwamba uvumbuzi wa kitu hicho umetoka kwako. Kilichoachwa wazi ni mota, na mota ya umeme ni mashine iliyokuwa karibu na kilele chake kabla Formula E haijazaliwa. Mota nzuri ya gari la kawaida hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaopewa kuwa mwendo. Waandaaji wa mbio wanajivunia kufikisha zaidi ya asilimia 95. Ni kazi safi ya uhandisi, na naiheshimu, lakini zile asilimia chache zilizobaki haziwezi kumfikisha nyumbani mtu ambaye betri yake imechoka.

Basi betri ilinyanyuliwa na nani? Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo zilikuwa kamera za video. Kompyuta za mkononi zikazidisha uzalishaji wake. Tesla ilipotoa Roadster mwaka 2008, ilichukua seli za aina ile ile ya kompyuta, 6,831 kwa gari moja, ikaziunganisha. Kisha China ikaingiza mabasi. Kufikia mwisho wa 2017 jiji la Shenzhen peke yake lilikuwa limegeuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme, na kila basi lilihitaji betri kubwa, ya bei nafuu, inayovumilia kuchajiwa kila siku kwa miaka mingi. Kutokana na shinikizo hilo seli za fosfeti zilikomaa. Mwaka 2019 kampuni ya CATL ilionyesha namna ya kupanga seli moja kwa moja ndani ya pakiti bila visanduku vya katikati, na 2020 BYD ikaleta Blade yake. Mwaka 2010 kilowati-saa moja ya betri ilikuwa ikigharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024, kwa hesabu za BloombergNEF, wastani wa dunia ulikuwa dola 115.

Ni vigumu kumwona mhandisi wa mbio za umeme akizichagua seli za fosfeti. Ni nzito kwa umeme zinaoubeba, na katika mbio uzito ni adui. Lakini ni za bei nafuu, zinaishi muda mrefu, na haziwaki moto kwa urahisi. Yaani kemia iliyolifikisha gari la umeme kwa watu wa kipato cha kawaida ndiyo ile ambayo mbio hizo zisingeitazama mara mbili. Uwanja wa mashindano na soko vilitaka vitu viwili tofauti, na soko ndilo lililokuwa na pesa, wateja na muda.

Wapinzani wangu hujibu kwa kutaja vifaa vidogo, kwa hiyo tuvipime kwa kalenda. Kimoja ni silikoni kabaidi, maunzi yanayotumika ndani ya inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri uweze kuizungusha mota. Maunzi haya hupoteza umeme kidogo kuliko silikoni ya kawaida, na ni kweli yamesaidia sana. Timu ya Venturi ya Monaco ilianza kuyaonja mwaka 2016 kwa msaada wa kampuni ya Kijapani ya ROHM, na inveta iliyoyatumia kikamilifu ilikimbia Desemba 2017. Lakini Tesla Model 3, gari la kwenda nalo kazini na sokoni, ilikuwa inakabidhiwa wateja tangu Julai mwaka huo huo ikiwa na transista za silikoni kabaidi kutoka STMicroelectronics. Mbio hazikutangulia. Au tuseme breki zinazorudisha umeme kwenye betri, ambazo watangazaji huzitaja kama muujiza wa uwanjani: Toyota Prius ya kwanza iliuzwa Japani Desemba 1997 ikiwa nazo. Na kuchaji kwa kasi? Februari 2025, mjini Jeddah, Formula E ilianzisha kituo cha kujaza umeme katikati ya mbio: sekunde 30 kwa nguvu ya kilowati 600. Mwezi uliofuata BYD ikatangaza magari ya familia yanayopokea kilowati 1,000. Sioni ni kwa hesabu gani wa kwanza anaweza kuitwa mwalimu wa wa pili.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Nissan Leaf, kwa sababu kinatuhusu moja kwa moja. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010. Kizazi chake cha kwanza hakikuwa na mfumo wa kimiminika wa kuipoza betri. Ilitegemea hewa tu. Katika nchi za baridi haikuonekana kuwa tatizo. Katika jiji la Phoenix, jimbo la Arizona, ambako lami huchemka kiangazi kizima, wamiliki walianza kuona vijistari vya uwezo wa betri vikizimika kimoja baada ya kingine, magari yakiwa bado mapya. Walilalamika. Mwanzoni hawakusikilizwa kama walivyotarajia. Septemba 2012 wakakusanya magari 12 wakayapima wenyewe barabarani, wakaandika matokeo, wakayaweka hadharani. Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri: ikishuka chini ya vijistari 9 kati ya 12 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, itatengenezwa. Kisha ikaja na kemia mpya ya betri iliyokusudiwa kuvumilia joto, ikaanza kuwekwa kwenye Leaf za mwaka 2015. Nissan iliingia Formula E Desemba 2018, yote haya yakiwa yamekwisha.

Nani alikuwa maabara hapo? Ni wafanyakazi wa ofisini, wastaafu, wazazi wanaopeleka watoto shule, watu waliolipa pesa zao wakaachwa na gari linalosinyaa. Wakati huo huo, katika miaka ya mwanzo ya Formula E, mafundi walikuwa wakizipoza betri kati ya awamu za mashindano kwa barafu kavu. Gari la Phoenix halina fundi wa kuliwekea barafu kavu. La Mombasa halina pia. Leaf za mitumba zimefika Kenya, na Nairobi zilifanya kazi ya teksi kuanzia 2018 chini ya kampuni ya NopeaRide. Anayenunua Leaf hapa anapaswa kujua kama ni ya kabla au ya baada ya kemia ile kubadilishwa, na ujuzi huo ameachiwa na wale wakazi wa Phoenix waliokataa kunyamaza. Sijawahi kumsikia mtangazaji yeyote wa mbio akiwashukuru.

Sasa ile chembe ya ukweli. Jaguar iliendesha mashindano ya magari yake ya I-Pace pembeni mwa Formula E, na Desemba 2019 ikatangaza kwamba kutokana na mafunzo hayo programu mpya ingewaongezea wamiliki hadi kilomita 20 kwa chaji moja. Nakubali. Ni faida halisi, na waliipata bila kulipa. Lakini gari hilo lilipimwa kwenda kilomita 470, kwa hiyo tunazungumzia kama asilimia 4. Mwaka 2024 Jaguar iliwatahadharisha wamiliki wa I-Pace zaidi ya 3,000 za mwaka 2019 huko Marekani kuhusu hatari ya betri kushika moto, ikawashauri wasizijaze kupita kiasi fulani na waziegeshe mbali na majengo. Hatima ya gari hilo iliamuliwa na seli zilivyotoka kiwandani. Kilomita 20 za programu haziwezi kusawazisha hilo.

Hoja yao nzito zaidi ni Porsche, na nitaipa uzito wake. Gari lake la 919 Hybrid lilishinda mbio za Le Mans mwaka 2015, 2016 na 2017 likitumia mfumo wa volti 800. Taycan ilipotoka 2019 ilikuwa na volti 800, na kwa sababu hiyo ilichajiwa haraka kuliko wapinzani wake. Huo ni urithi wa mashindano usiopingika. Ila angalia masharti yake. Kwanza, 919 ilikuwa na injini ya petroli. Halikuwa gari la mbio za umeme. Pili, na hili ndilo kubwa, kanuni za Le Mans wakati ule ziliiruhusu kila kampuni ibuni betri na mfumo wake wa umeme. Pale kanuni zilipokiacha wazi kitu chenye maana, mbio zilifundisha. Pale zilipokifunga, hazikufundisha. Anayenitajia Porsche ananisaidia.

Na wahusika wenyewe wanalijua hili. BMW ilipotangaza mwishoni mwa 2020 kwamba inaondoka Formula E, ilieleza kwamba kwa kiasi kikubwa ilikuwa imemaliza yale ambayo mazingira ya mashindano hayo yangeweza kuipa kwa magari yake ya barabarani. Audi ikatangaza kuondoka karibu wakati ule ule, na Mercedes ikatoka mwaka 2022 ikiwa imetwaa ubingwa mara mbili mfululizo. Maneno ya BMW yangepaswa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha habari za michezo. Yalipita kama taarifa ya kawaida, na msimu uliofuata tukarudi kusikia habari za maabara.

Najua kwa nini wasomaji wa Afrika Mashariki huyapokea maneno haya bila ubishi. Tumelelewa na Safari Rally. Ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yalikuwa yale ya dukani na yalipangwa katika madaraja kwa bei yake. Bert Shankland wa Tanzania aliposhinda mfululizo 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, mtu wa Moshi au Nakuru aliyemwona akipambana na tope aliweza kununua gari la aina ile ile na kulipeleka kwenye tope lile lile. Kilichovunjika mashindanoni ndicho ambacho kingekuvunjikia wewe ukiwa na mizigo na abiria. Sifa ya Peugeot na ya Datsun katika nchi zetu ilijengwa hivyo, na ilistahili. Imani tuliyo nayo kwamba mbio hupima gari ilitokana na kitu tulichokishuhudia kwa macho.

Lakini imani iliyopatikana kwa njia ile haiwezi kuhamishiwa kila kitu chenye magurudumu na namba ubavuni. Safari yenyewe inatuonyesha. Kuanzia 2022 hadi 2024 magari ya daraja la juu yalikuja Naivasha yakiwa na mfumo wa haibridi: mota ya kilowati 100 na betri ndogo ya kilowati-saa 3.9, vyote ndani ya sanduku moja lililotengenezwa na Compact Dynamics ya Ujerumani kwa timu zote. Toyota, Hyundai na Ford hawakuruhusiwa kulifungua. Mafundi na waokoaji walifundishwa kutazama taa: ikiwa ya kijani, gari ni salama kuguswa. Baada ya misimu mitatu sanduku likaondolewa, na mwaka 2025 magari yakarudi Naivasha na petroli tupu. Vumbi la Bonde la Ufa, mawe ya kilima cha Sleeping Warrior, maji yanayofika kwenye milango, yote yalipita juu ya sanduku lililofungwa kwa lakiri. Kama kulikuwa na somo ndani yake, hatukupewa.

Kuna atakayeniambia niache, kwamba hata kama sifa zimetolewa kwa asiyestahili hakuna aliyeumia, na kwamba mbio zimewafanya vijana walione gari la umeme kama kitu cha kutamaniwa badala ya toroli. Hilo la mwisho nalikubali. Formula E imebadilisha sura ya gari la umeme, na sura ni kitu. Lakini madhara yapo. Tukiamini kwamba maendeleo hushuka kutoka juu, kutoka kwenye kizimba cha matajiri wa Ulaya na Ghuba, tutakaa tukisubiri yatufikie, na tutawapuuza wanaoyazalisha mbele ya macho yetu. Kigali, waendesha pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand wamekuwa wakibadilisha betri vituoni tangu 2019, mchana na usiku, kwenye vilima ambavyo mota haipumziki. Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza na mabasi ya BYD mwaka 2022, ikimtoza mwenye basi kwa kilomita anazotembea ili mzigo wa bei ya betri usimwangukie yeye peke yake. Pikipiki ya abiria huitumikisha betri kwa namna ambayo gari la mbio halijui: kila siku, kwenye mashimo, ikiwa na abiria na gunia la viazi, ikichajiwa na kuchajiwa tena mwaka mzima. Kila betri inayorudi kituoni inarudi na habari zake. Hapo ndipo nchi zetu zingepaswa kupeleka wahandisi wanafunzi, waandishi wa habari na fedha za utafiti.

Na kama kuna mwenye fedha anayetaka mbio za umeme ziwe maabara kweli, masharti yake si magumu kuyaandika. Ayapeleke magari kutoka Mombasa hadi Kampala. Yawe yale yanayouzwa dukani, na betri zake ziwe zimeshatembea kilomita 150,000 kabla ya kupewa namba. Yachajiwe kwenye chaja za umma zilizopo njiani, na pasipo na chaja dereva ahangaike kama ambavyo mwananchi angehangaika. Barafu kavu iwe marufuku. Gari likiharibika, litengenezwe na fundi wa mji ulio karibu kwa vipuri anavyoweza kuvipata. Mshindi asitangazwe Kampala siku hiyo. Betri zipimwe kwanza, na kiasi cha uwezo zilichopoteza kihesabiwe pamoja na muda wa safari. Kampuni itakayoingiza gari lake humo na kukubali matokeo yachapishwe yote, mazuri na mabaya, nitaandika mwenyewe kwenye safu hii kwamba mbio zake zimemfundisha mnunuzi kitu.